Senta aliyesainiwa Mei: anaiingia timu yetu, au tumeokota aliyebaki?

Gadi Mstaafu

Wakuu wa kikapu, salaam.

Naombeni macho yenu kwenye jambo moja. Chuo nilichosoma huku Ohio ni cha daraja la kati, si zile timu za kwenye televisheni kila Jumamosi. Juzi kimetangaza kumsaini senta (yule mrefu wa kucheza karibu na ringi) wa mwaka wa kwanza. Mei hii! Vijana wetu wengine wa shule walisaini tangu Novemba na nilijua kikosi kimeshafungwa.

Kijana ana mita 2.06, mikono mirefu kupita kiasi. Mzaliwa wa Afrika Magharibi, amesoma shule ya maandalizi kule New England na akaongeza mwaka mmoja baada ya kumaliza. Alikuwa ameshakubali chuo kingine tangu mwaka jana. Machi kocha wa kule akatimuliwa, kijana akaomba kuachiwa, ndiyo akaangukia kwetu.

Sasa sisi tulivyo. Senta wetu aliyeanza mechi zote msimu uliopita alipita Aprili kwenye lango la uhamisho, ile orodha ya wachezaji wanaotaka kuhama chuo, kaenda konferensi kubwa (kundi la vyuo vinavyoshindana kila msimu) ambako wana hela. Pointi gadi, mchezeshaji wetu, amebaki, tunamshukuru Mungu. Ni mfupi, lakini ukimwekea skrini, yaani mwenzake akamzibia mlinzi njia, anakula watu. Namba nne, yule fowadi wa kucheza na senta ndani, naye amebaki: mbabe, rebaundi anaifuata hadi jukwaani, ila pointi tatu hana. Wapinzani wanamwacha wazi kabisa, naye anageuza shingo kutafuta wa kumpa mpira. Kwenye ulinzi kocha wetu hataki senta apande. Piki-na-roli ikija (mtu anamwekea gadi skrini kisha anazama ringini), abaki chini karibu na ringi.

Nimeangalia ile video ya mbwembwe ya dakika tatu: danki, bloku, danki, muziki. Nikatafuta na mechi mbili nzima. Ninachokiona: anakimbia uwanja vizuri, akitua anaruka tena wakati wenzake bado wanajipanga, na bloku anapiga kwa mikono yote miwili. Akipewa mpira mgongo ukiwa ringini ana mwendo mmoja tu, anageukia bega la kushoto na kutupa kwa mkono wa kulia. Mechi ya pili alipiga pointi tatu mbili kutoka kona, zote zikaingia, jukwaa likalipuka.

Swali langu si kama ni mzuri. Ni kama anaingia kwetu. Mchezaji wa kuchelewa namna hii nyie mnampimaje?

Nawasilisha.

Mzee wa Kona

Mkuu, kwa heshima zote: anayepatikana Mei anapatikana kwa sababu. Kocha kufukuzwa nimeelewa, lakini kijana ameachiwa tangu Machi, mbona hakuna mkubwa aliyemdaka? Mita 2.06 haziokotwi barabarani. Wamemwona, wakapita.

Mimi nafasi hiyo ningempa mtu mzima kutoka kwenye lango. Wa miaka 22, amecheza misimu mitatu, mwili umekomaa, kwenye ulinzi anafungua mdomo. Huyu mtoto wa shule atamaliza faulo zake tano kipindi cha pili hakijachanganya, halafu mtamchezesha nani?

Hizo pointi tatu mbili zisikudanganye hata kidogo.

Mkatavideo

Gadi Mstaafu, asante kwa kueleza timu yenu ilivyo kabla ya kutupigia debe. Wengi humu huleta urefu na nyota za skauti halafu wanauliza "anafaa?" Anafaa wapi, na nani pembeni yake?

Nimekaa misimu kadhaa kwenye chumba cha video cha timu ya chuo huku Marekani. Kazi yangu ilikuwa kukata mechi vipande vipande na kuhakikisha kocha anavikuta asubuhi kabla hajamaliza kahawa yake. Kwa hiyo nitaandika kwa urefu, mnivumilie.

Nianze na Mzee wa Kona. Hoja ya "aliyebaki" ilikuwa na uzito enzi zile. Soko limegeuka. Lango lilifunguliwa Oktoba 2018, lakini wakati ule wengi wakihama walikaa nje msimu mzima. Mwaka 2021 NCAA, chama cha michezo ya vyuo vya Marekani, ikaruhusu kuhama mara moja bila kukaa nje, na tangu Aprili 2024 mtu anahama kila mwaka akitaka, mradi masomo yake yako sawa. Kilichofuata ni kwamba makocha wa timu kubwa huacha nafasi wazi hadi Aprili wakiwasubiri watu wazima, hao hao unaowasifia. Anayelipa gharama ni kijana wa shule. Yule ambaye zamani angepewa ofa Septemba leo anaambiwa "subiri kidogo, tutakupigia". Kwa hiyo wakubwa kutomdaka Aprili hakunishtui. Aprili walikuwa kwenye simu na yule senta wa Gadi Mstaafu aliyeondoka.

Na kuchelewa hakukuanza jana. Jaylen Brown alikichagua chuo cha California mwezi Mei 2015. Marvin Bagley aliamua kwenda chuo cha Duke Agosti 2017, wiki chache kabla ya madarasa kufunguliwa, baada ya kuamua kumaliza shule mwaka mmoja mapema, na msimu huo huo akawa mchezaji bora wa konferensi ya ACC. Wale walikuwa nyota na kila mtu aliwataka, sikatai. Ninachosema ni kwamba kalenda peke yake haikupi jibu, sababu ndiyo inayokupa. Kuna waliochelewa kwa jeraha, kuna walioota sentimita kumi kwa mwaka mmoja, kuna wa kocha kuondoka kama wenu, na kuna wa darasani. Hii ya darasani ndiyo ningeiulizia kwanza, kwa sababu ya ule mwaka wa ziada. Divisheni ya kwanza ya NCAA inataka kozi 16 za msingi, na ukishamaliza shule kwa wakati wake, kozi ya kuongeza inayohesabiwa ni moja tu. Kama mwaka ule ulikuwa wa kuongeza misuli, hakuna neno. Kama ulikuwa wa kuokoa alama, basi alikuwa na upenyo mdogo sana, na hapo ningetaka kujua umetumikaje kabla sijaanza kubishana kuhusu danki.

Sasa video. Ile ya mbwembwe ifute kwenye simu. Chukua mechi waliyofungwa, uangalie kipindi cha pili, na usiangalie mpira, mwangalie yeye. Kila mara gadi wa wapinzani anapotumia skrini iliyowekwa na mtu wake, tazama hatua yake ya kwanza ya mguu. Kwa ulinzi wa kocha wenu senta anatakiwa arudi nyuma kwa mwendo ule ule wa gadi anayekuja, kiuno kiwe chini, mkono mmoja juu na mwingine kwenye njia ya pasi, na mtu anayezama ringini asimpite mgongoni. Ni kazi ya kuchosha na haina makofi. Vijana wenye mikono mirefu hawaipendi kwa sababu maisha yao yote wamelipwa kwa bloku. Gadi akitikisa bega tu, wameshapaa. Shuleni wanaponea, maana gadi wa miaka 17 akimwona mtu amepaa anatupa mpira hovyo. Gadi wa chuo wa miaka 22 anangoja apae, halafu anampitishia chini mtu wake aliyebaki peke yake na ringi. Bloku inaandikwa kwenye takwimu. Kupaa mapema hakuandikwi popote, labda kwenye daftari la mkata video.

Cha pili, mikono, na hapa namaanisha viganja. Umesema pointi gadi wenu ni mfupi. Gadi mfupi akibanwa na watu wawili hatoi pasi ya juu, anaidundisha katikati yao, na inamfikia senta kwenye magoti huku anakimbia. Video ya mbwembwe imejaa pasi za juu za kudanki. Wewe tafuta zile za chini. Anazidaka? Akidaka anasimama sawa au anapiga hatua ya ziada? Nimeona masenta warefu kuliko huyu wakikaa benchi mwaka mzima kwa sababu hiyo tu, na kocha hakuwahi kuisema mbele ya waandishi.

Pointi tatu Mzee wa Kona yuko sahihi, ila kwa sababu ambayo hakuitaja. Mstari wa shule uko mita 6.02. Wa chuo, kwa wanaume, ni mita 6.75 tangu msimu wa 2019-20. Hizo sentimita 73 si mchezo. Kama unataka kujua mkono wake, hesabu mitupo huru: ile ni mita 4.57 shuleni na chuoni, hakuna anayemkaba, hakuna kisingizio. Senta anayeingiza saba kati ya kumi, mpira ukitoka kwenye vidole bila kuyumba, huyo unaweza kumsogeza nyuma taratibu. Anayeingiza nusu, hata kona zimwingie vipi, usimpangie.

Lakini tatizo lenu, kaka, silioni kwa kijana. Naliona kwa namba nne.

Chuoni hakuna ile sheria ya NBA ya sekunde tatu za mlinzi. Senta wa wapinzani anaruhusiwa kusimama chini ya ringi hadi achoke mwenyewe. Sasa weka namba nne wenu asiyepiga, na senta mpya asiyepiga, uwanjani kwa pamoja. Mlinzi wa namba nne anamwacha anarudi ndani. Mlinzi wa senta tayari yuko ndani. Eneo lile linakuwa kama lifti saa ya kutoka kazini, na pointi gadi wenu, yule anayekula watu kwenye skrini, anatoka kwenye skrini anakutana na mabega manne. Senta wenu wa zamani alikuwa anapiga kutoka mbali?

Gadi Mstaafu

Mkatavideo, aisee! Ndiyo, alikuwa anapiga. Si sana, moja au mbili kwa mechi, lakini walikuwa wanamfuata. Sikuwahi kuliunganisha hilo na namba nne.

Nimerudi kwenye mechi waliyofungwa, kipindi cha pili, kama ulivyoagiza. Skrini zilizomhusu nimezihesabu tisa. Sita alirudi nyuma vizuri tu, tena moja alimlazimisha gadi apige kutoka mbali akiwa amepinda. Tatu alipaa kwa bega, na kati ya hizo mbili zilizaa danki ya mtu wake. Zote tatu zilikuwa dakika za mwisho, nadhani alichoka.

Pasi za chini ni chache, gadi wao mwenyewe mrefu. Nilizoziona alidaka, moja ikamponyoka ikaenda nje. Mitupo huru katika mechi zote mbili: 12, kaingiza tisa. Mpira unatoka laini, kiwiko hakiyumbi.

Kitu kingine ambacho hukuniuliza: anaongea. Hata kwenye video yenye kelele unamsikia anaita skrini kabla haijafika, na akitolewa anakwenda kukaa karibu na kocha msaidizi, si mwisho wa benchi.

Mzee wa Kona

Hiyo ya kuongea naikubali, ni adimu kwa umri wao.

Lakini Mkatavideo, hiyo nadharia yako ya wasiopiga wawili ina tundu. Hasheem Thabeet wetu pale UConn, Chuo Kikuu cha Connecticut. Msimu wa 2008-09 namba nne wake alikuwa Jeff Adrien, ambaye naye hakuwa mtu wa pointi tatu. Wasiopiga wawili, na wakafika nne bora Detroit. Unasemaje hapo?

Mkatavideo

Nilikuwa nangoja mtu amtaje Thabeet. Mfano mzuri, na ukiuchimba unanisaidia kuliko unavyoniumiza.

Kwanza, wakati ule mstari ulikuwa mita 6.32, na ndio ulikuwa umetoka kusogezwa msimu huo huo. Timu hazikuwa zikiishi kwa pointi tatu kama leo, kwa hiyo hata ulinzi wa kujazana ndani haukuwa na adhabu kubwa wala faida kubwa kama sasa. Pili, angalia kocha wao Calhoun alikuwa na magadi gani: A.J. Price, na Kemba Walker akiwa mwaka wa kwanza. Magadi wale walikuwa wanakimbia kabla ulinzi haujapanga, na waliweza kubana gadi wa wapinzani kifua kwa kifua kwa sababu akiwapita anamkuta Thabeet. Januari 2009 dhidi ya Providence alimaliza na pointi 15, rebaundi 11 na bloku 10. Kwenye mashambulizi hakuwa na mengi, na hakuna aliyemdai. Timu yote ilijengwa ili kile kimoja anachokijua kiwe na thamani.

Ukamtoa pale ukampeleka NBA, akiwa wa pili kwenye drafti (uchaguzi wa wachezaji wapya wa NBA) ya 2009, mtu ni yule yule mwenye mita 2.21, lakini sasa sekunde tatu za mlinzi zinamfukuza chini ya ringi na magadi wanamvuta nje apambane na miguu. Zipo sababu nyingine pia za mambo kutomnyookea kule. Hiyo ni mojawapo, na kwa swali la uzi huu ndiyo inayonihusu. Ukiuliza "Thabeet alikuwa mzuri?" unapata majibu mawili yanayopingana. Ukiuliza alikuwa anaingia wapi, yote mawili yanaeleweka.

Na hata pale UConn kulikuwa na wa kumtesa. Februari 2009, UConn ikiwa namba moja nchini, DeJuan Blair wa Pittsburgh alimbeba mgongoni wakigombea mpira akambwaga chini. Blair ana mita 2.01. Usiku ule alichukua rebaundi 23. Kwa hiyo Gadi Mstaafu, ukirudi kwenye mechi zako, mpira ukipigwa na wapinzani usimtazame kijana akiruka. Mtazame kabla hajaruka: makalio yamemgusa mtu? Au anageuka kutazama mpira akitegemea mikono?

Hili halimwachi hata aliyefundishwa vizuri. Khaman Maluach alitoka akademia ya NBA kule Senegal, akacheza Olimpiki ya Paris na Sudan Kusini, akaenda Duke na kuchaguliwa wa 10 kwenye drafti ya 2025. Ana mita 2.18. Nusu fainali dhidi ya Houston hakupata hata rebaundi moja. Houston ni watu wa kusukuma kwa nyonga, ndiyo elimu yao, na Duke wakapoteza mchezo waliokuwa wanaongoza. Kama konferensi yenu ina timu mbili tatu za aina hiyo, na huko Ohio sidhani mnazikosa, kijana wa kwanza kutoka shule atazijua Januari.

Dada wa Makaratasi

Habari zenu kaka zangu. Kikapu nakiangalia tu, lakini nafanya kazi ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni, na kila mwaka wachezaji wa kuchelewa wanaishia mezani kwangu. Naona mmelisahau upande huo.

Kijana akiwa tayari yuko nchini kwa viza ya mwanafunzi, F-1, kwenye shule ya maandalizi, mambo ni mepesi. Rekodi yake kwenye SEVIS, mfumo wa serikali wa wanafunzi wa kigeni, inahamishwa kutoka shule kwenda chuo, anapewa I-20 mpya, ile fomu ya kuonyesha chuo kimempokea, na hahitaji kwenda ubalozini ili aanze masomo. Shida huja akipanda ndege Juni kwenda kusalimia nyumbani huku viza kwenye pasipoti imeisha muda. Hapo lazima apange mahojiano mapya ubalozini, na Julai na Agosti foleni ndiyo huwa ndefu. Nimeshuhudia mchezaji anakosa mazoezi yote ya kiangazi kwa safari ya namna hiyo, kocha anapiga simu ofisini kwetu kila asubuhi kana kwamba sisi ndio ubalozi.

Kiangazi ni wiki nane ambazo kocha anaruhusiwa kuwa nao uwanjani kwa saa chache kila wiki. Aliyesaini Novemba na aliyesaini Mei wote wanazipata sawa, akiwepo. Kwa hiyo Mkatavideo, mimi swali langu la kwanza lisingekuwa mguu wake, lingekuwa pasipoti.

La pili ni hela. Tangu tarehe 1 Julai 2025 vyuo vinaweza kuwalipa wachezaji moja kwa moja kutokana na makubaliano ya kesi ya House, ambayo wachezaji waliishtaki NCAA, na kwa vilivyojiunga na mpango huo kikosi cha kikapu ni watu 15 badala ya zile skolashipu 13 za zamani. Mwenye F-1 amebanwa kwenye suala la kufanya kazi, na mawakili wa kila chuo wana tafsiri yao kuhusu malipo haya. Kuna wanaolipa, kuna wanaoogopa. Familia ya kijana inatakiwa iambiwe mapema, si Oktoba anapogundua mwenzake wa chumba kimoja anapata na yeye hapati.

Gadi Mstaafu

Dada, asante sana. Hilo la pasipoti nitamfikishia jamaa yangu mmoja aliye karibu na benchi la ufundi, najua wanalo kichwani lakini si vibaya.

Chuo chetu bado ni cha skolashipu 13, hatujajiunga na mpango huo. Huyu kijana amechukua skolashipu ya mwisho.

Mzee wa Kona

Ndiyo hapo sasa. Ya mwisho! Mtamfundisha kurudi nyuma, mtamlisha, mtamvusha Januari na wale wa kusukuma kwa nyonga, na Aprili anapita langoni anakwenda alikokwenda mwenzake. Mnafuga ng'ombe, maziwa anakamua mwingine.

Mkatavideo

Hiyo ni kweli na sina dawa yake. Lakini mtu mzima wako wa miaka 22 naye Aprili anaondoka, kwa sababu misimu yake imekwisha. Tofauti ni kwamba kijana kuna uwezekano akabaki, hasa kama ni mtu wa aina ya kukaa karibu na kocha msaidizi. Na senta wa miaka 22 anayejua kazi, anayetakiwa na vyuo vitano, hawezi kushuka kwenye chuo kisicholipa. Watakaofika kwenu Mei kutoka langoni ni wale waliokaa benchi mahali fulani, na hao nao waliachwa kwa sababu, ukitaka kutumia hoja yako mwenyewe.

Kinachotakiwa kubadilika ni muda wa kumpimia. Zamani chuo cha daraja la kati kilimsaini senta mbichi kikamtazamia mwaka wa tatu. Sasa mpime kwa Novemba hadi Machi. Je, yuko tayari kwa dakika 15 zenye kazi inayoeleweka? Kwa aliyoyaandika Gadi Mstaafu, mimi nasema ndiyo. Sita kati ya tisa kwa kijana ambaye hajafundishwa ulinzi huo ni nzuri. Kuchoka kunatibika, wiki nane za kiangazi na mwalimu wa viungo ndizo kazi yake. Mitupo huru inanipa matumaini ya mbali, ila si msimu huu. Msimu huu akipiga kutoka kona kocha ang'ate ulimi, asimkataze wala asimpangie.

Ila asianze pamoja na namba nne. Ningemwingiza namba nne anapotoka, kama dakika ya sita au ya saba, awe na pointi gadi na wapiga mbali watatu. Hapo skrini yake ina maana: akizama ringini, mtu wa kona lazima aamue amfuate yeye au abaki na mpigaji. Namba nne akirudi, kijana apumzike. Wakikutana uwanjani iwe dakika za kulinda uongozi tu, mkihitaji rebaundi na si kikapu. Kocha wenu akiwaanzisha wote wawili mechi ya kwanza kwa sababu ni warefu, mwezi wa kwanza wote mtakuwa mnalalamika pointi gadi ameshuka kiwango.

Gadi Mstaafu

Nimekuelewa vizuri. Namba nne kuanza akitokea benchi hapo chuoni ni kesi, ni kipenzi cha watu, lakini dakika unaweza kuzigawa bila kumgusa.

Swali moja la mwisho. Kocha wetu msimu uliopita alijaribu zoni ya mbili-tatu mara kadhaa, kila mtu analinda eneo lake, wawili mbele na watatu nyuma. Huyu kijana katikati ya zoni hawezi kutuokoa na hayo mambo ya piki-na-roli?

Mkatavideo

Kupumzisha miguu yake, ndiyo. Kwa ile mikono, akisimama katikati watu watafikiri mara mbili kuingia, na hatapaa hovyo kwa sababu hakuna anayemvuta nje. Ningeitumia mizunguko mitatu minne baada ya mapumziko mafupi, wapinzani wakiwa wamepangiwa mchezo wa kushambulia mtu kwa mtu.

Bei yake ni rebaundi. Kwenye zoni hakuna mtu wako wa kumweka makalio, unatakiwa umtafute wakati mpira uko hewani, na kijana wa mwaka wa kwanza atatafuta mpira. Lakini hapo ndipo namba nne wenu anaingia, anayefuata rebaundi hadi jukwaani. Mweke mmoja wa wale watatu wa nyuma, kijana katikati. Ni mahali pekee ninapowaona wawili hao wakikaa pamoja bila kugombana, na ni kwenye ulinzi tu. Mkipata mpira, mmoja atoke mbio hadi kona na asimame huko huko hata kama hapigi, ilimradi asisimame kwenye njia ya gadi. Afadhali awe kijana. Ile tisa kwa kumi na mbili wapinzani nao wataiona.